Karatasi Ambayo Mjomba Alitukataza Kusaini

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua hata viatu, mama hunipa mkasi mdogo na kunionyesha rundo la sare. Kazi yangu ni kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye mishono na mapindo. Msimu wa kufungua shule rundo hilo hunifika kiunoni. Mama ni fundi cherehani. Ana cherehani mbili, pasi moja na chumba kimoja kinachotazama barabara, alichokijenga marehemu baba kwa mikono yake. Chumba hicho ndicho kinachotulisha na kunisomesha. Nakitaja mapema ili ujue hasira zangu zilitoka wapi.

Siku moja nilikuwa katikati ya rundo alipoingia mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Alisalimia vizuri, akajitambulisha kuwa ni tarishi wa mahakama. Alitoa karatasi yenye mhuri, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo.

"Mama, huu ni wito," alisema. "Jirani yako mwenye duka la saruji amefungua kesi kuhusu mpaka wa kiwanja. Unatakiwa mahakamani tarehe kumi na mbili. Weka sahihi hapa, ionekane umeupata."

Mama alikwisha shika kalamu. Hapo ndipo mjomba alipojitosa.

Mjomba ni kaka yake mama. Anachomelea mageti na madirisha ng'ambo ya barabara, na huja kwetu kunywa chai mara nyingi kuliko anavyochomelea. Mtaa mzima unamwita Kifungu, maana hawezi kuzungumza dakika mbili bila kusema "kwa mujibu wa kifungu cha sheria". Kifungu kipi? Hakuna aliyewahi kukiona.

"Weka kalamu chini, dada!" alifoka, kikombe mkononi. "Ukisaini umekubali kosa. Kwa mujibu wa kifungu cha sheria, mtu ambaye hajasaini wito hana kesi."

"Ndugu yangu," tarishi alijibu, "kusaini si kukubali kosa. Ni kukubali kwamba karatasi imekufikia, basi."

"Ndivyo mnavyowanasa watu!"

Mama aliweka kalamu chini. Mama yangu ni jasiri kwa mambo mengi, lakini akisikia neno mahakama huanza kutafuta pa kujificha. Kwake mahakama ni pingu na gari la polisi, hakuna la tatu.

Wiki iliyofuata tarishi alirudi. Safari hii mjomba alifunga mlango kwa ndani, akatuamuru tusipumue. Tukajibanza nyuma ya vitambaa kama wezi, ndani ya nyumba yetu wenyewe!

"Mjomba," nilinong'ona, "anatuona dirishani."

"Nyamaza. Unajua nini wewe kuhusu sheria?"

Tarishi aligonga, akaita, akagonga tena. Mwishowe aliibandika karatasi mlangoni, akaandika kitu kwenye daftari lake na kwenda zake. Mjomba aliibandua, akaichana vipande vipande, kisha akaenda kijiweni kutamba jinsi alivyoishinda mahakama.

Tarehe kumi na mbili ilipita. Hakuna aliyekuja kutukamata. "Mmeona?" mjomba alisema, kichwa kimemvimba. "Sheria ni akili."

Miezi mitatu baadaye tarishi alikuja tena, na safari hii hakuomba sahihi ya mtu. Alimkabidhi mama karatasi mbele ya wateja wawili, akasema, "Pole, mama," akaondoka. Mama alinipa nisome. Nilisoma kwa sauti. Kesi ilikuwa imesikilizwa upande mmoja, kwa kuwa aliyeshtakiwa alikataa wito mara mbili. Chumba kilikuwa kimejengwa ndani ya eneo la jirani. Chumba hicho kivunjwe ndani ya siku kumi na nne.

Mama aliketi juu ya rundo la sare, nyuzi na yote. Hakulia. Alitazama dari, ile aliyoipigilia baba misumari, akasema, "Cherehani nitazipeleka wapi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilimkasirikia mjomba kwa mdomo wake usio na breki. Nilimkasirikia mama kwa kumsikiliza. Na nilijikasirikia mwenyewe, tena sana. Mimi nilipata tisa kwa kumi katika mtihani wa uraia. Mihimili ya dola ni mitatu: Bunge, Serikali na Mahakama. Naijua hata usingizini. Lakini siku ile mama aliponiuliza, "Sasa mwanangu, tunaanzia mlango gani?" sikuwa na jibu. Tisa kwa kumi ya nini, kama huwezi kumwambia mama yako agonge mlango gani?

Mjomba, kama kawaida, alikuwa na jibu.

"Tulieni. Namfahamu dereva wa diwani."

Jamani! Siku mbili zikaishia kumtafuta dereva. Siku ya tatu diwani alikuwa kwenye kikao. Siku ya nne alikuwa kwenye msiba. Siku ya tano mjomba alimpata, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Mheshimiwa, mpigie tu simu hakimu," mjomba aliomba. "Neno moja tu."

Diwani alimtazama kama mtu anayeombwa akamue maziwa kwenye jiwe. "Mimi kazi yangu ni barabara, soko na taka za mtaa wenu. Hakimu simpigii. Hata waziri hampigii. Leo nikimpigia kwa ajili yako, kesho mwingine atampigia kwa ajili ya jirani yako. Utapenda?"

Tulipotoka nje mjomba alisema diwani ana roho mbaya. Mimi kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mwalimu alirudia mara tano kwamba mihimili ile haiingiliani. Lakini kuelewa hakukuturudishia siku zetu. Zilibaki tisa.

Jioni hiyo mjomba alianza habari za mtu mwingine anayemfahamu, mlinzi wa nyumba ya mkuu fulani. Nikashindwa kuvumilia.

"Mjomba, karatasi hii imetoka mahakamani. Kwa nini tunaipeleka kila mahali isipokuwa mahakamani?"

Nilitarajia kofi. Halikuja. Mama aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya plastiki yenye hati ya kiwanja aliyoachiwa na baba. "Kesho nitakuombea ruhusa shuleni," aliniambia. "Wewe unasoma haraka. Twende wote."

Mahakama ilikuwa jengo la kawaida tu, kuta zimepakwa rangi ya kahawia chini na krimu juu, mabenchi marefu, na watu wengi wenye bahasha. Mama alimuuliza mlinzi wa getini kama watu wanaoingia hutoka. Mlinzi alicheka, akasema yeye huingia na kutoka kila siku.

Dirisha la kwanza walituambia twende la tatu. La tatu walitaka nakala za karatasi zote. Tukatoka kutafuta mahali pa fotokopi, umeme umekatika. Tukasubiri. Umeme uliporudi, tukarudi dirisha la tatu; karani amekwenda kula. Aliporudi, akasema maombi ya aina yetu lazima yaandikwe kwanza, hapokei maneno matupu. Yaandikwe na nani? Akashusha mabega. Tulipigwa danadana tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

"Ndiyo maana nilisema tusije!" mjomba alipiga kelele. Nusura nimng'ate.

Wakati huo ndipo nilipoliona tangazo ukutani, limefunikwa nusu na kalenda ya mwaka juzi: "Msaada wa kisheria bure. Chumba namba saba." Tulikuwa tumepita mbele yake mara sita.

"Cha bure ni mtego," mjomba alisema.

"Kaka," mama alimwambia, "funga mdomo." Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo, na mjomba naye hakuwa amewahi kusikia, maana aliufunga.

Chumba namba saba alikuwemo dada mmoja mwanasheria, kalamu ameichomeka kwenye nywele, mafaili yamemzunguka pande zote. Alisoma karatasi yetu, akauliza maswali mawili, kisha akashika kichwa.

"Nyinyi ni watu wa nne wiki hii mnaokataa wito! Wa nne! Nani huwa anawafundisha haya mambo?"

Mimi na mama tulimtazama mjomba. Mjomba alikuwa anaitazama dari.

Mama alimuuliza kwa sauti ndogo, "Watanifunga?"

"Kwa lipi, mama? Hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Jirani anasema kiwanja ni chake, wewe unasema ni chako, hakimu anaamua. Hakuna pingu hapa." Alichomoa kalamu nyweleni. "Nisikilizeni vizuri. Wito si kamba ya kukufunga. Hakimu haruhusiwi kuamua jambo linalokuhusu bila kukupa nafasi ya kusema. Hiyo ni haki yako. Wito ndiyo njia yake ya kukwambia, njoo useme. Ukiukataa, kesi haifi. Inaendelea bila wewe. Hakimu anamsikiliza aliyekuja, kisha anaamua kwa hayo aliyoyasikia. Sasa alisikia nini kutoka kwenu?"

"Hakusikia kitu," nilijibu.

"Basi. Na hati ya kiwanja hii hakuwahi kuiona." Aligonga bahasha yetu kwa kidole. "Tutaandika maombi mawili. La kwanza, ubomoaji usimame. La pili, hukumu ile itenguliwe ili msikilizwe nanyi. Lakini lazima tueleze kwa kiapo kwa nini hamkuja."

Mjomba akapata uhai. "Andika alikuwa amelazwa."

"Hospitali gani?"

"Yoyote."

"Wodi gani? Cheti cha daktari kiko wapi?"

"Andika tu, dada, wote huandika hivyo."

Mwanasheria aliweka kalamu mezani taratibu. "Mzee, hii ni hati ya kiapo. Uongo ndani yake, hiyo sasa ndiyo jinai. Ukitaka dada yako azione pingu anazoziogopa, endelea kunisomea niandike."

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamgeukia mwanasheria. "Andika ukweli, mwanangu. Andika kwamba niliogopa mahakama, nikajificha ndani ya nyumba yangu."

"Ukweli huu haukupendezeshi," mwanasheria alimwonya. "Na hakimu anaweza kuukataa."

"Najua. Andika."

Mjomba alitunung'unikia njia nzima ya kurudi nyumbani kwamba tumejichimbia kaburi. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Maombi yalipokelewa, tukapangiwa kusikilizwa siku ya kumi na mbili ya zile kumi na nne. Hakimu akitukatalia, zingebaki siku mbili za kuhamisha cherehani, na hatukuwa na pa kuzihamishia. Usiku mama alipunguza kazi alizokwisha pokea, akawarudishia wateja vitambaa. Kila aliyeondoka na kitambaa chake nilihisi kama ameondoka na tofali.

Hakimu alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambayo ilimlazimu kila mtu anyamaze ili aisikie. Jirani yetu, Mzee Saruji, alisimama wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Mheshimiwa, lori langu linakwama kwenye njia iliyo pembeni ya chumba chao, miezi sita sasa," alisema. "Nilikwenda kumwambia huyu mama kwa mdomo, akanikwepa. Nikaja mahakamani kama raia mwema, wakafunga mlango. Tarishi shahidi. Sasa nimepata hukumu, ndiyo wanakuja? Mimi nifanye nini tena?"

Nilitafuta kosa katika maneno yale, nikalikosa. Hilo nalo lilinikera.

Hakimu alimgeukia mama. "Umesema uliogopa. Nani alikwambia kwamba ukikataa wito kesi inakwisha?"

Nilimwona mama akimtazama mjomba, kisha akiangalia sakafu. Mama yangu! Chumba kinaondoka, na bado hataki kumwaibisha kaka yake mbele za watu.

"Mama, nakuuliza."

Mwanasheria wetu alimgusa bega. Mimi nilimkodolea macho mjomba bila hata kupepesa. Alijikuna shingo. Alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Hatimaye alisimama.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemkataza. Karatasi ya pili niliichana kwa mkono wangu."

"Wewe ni mwanasheria?"

"Hapana. Nachomelea mageti."

"Nikija kwenye karakana yako nikaanza kuchomelea bila miwani, kwa sababu nimesikia tu watu wakizungumza, itakuwaje?"

"Utaharibu macho, mheshimiwa."

"Na wewe nusura umharibie dada yako nyumba. Kaa chini."

Watu walicheka. Mjomba alikaa, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, kidogo tu.

Hakimu aliandika kwa muda ambao mimi niliuona kama mwaka. Kisha alisoma. Alisema kukataa wito ni kosa, na kwamba sheria haikutungwa kwa ajili ya watu wanaojifungia ndani. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Lakini, hakimu aliendelea, aliyeomba amekiri kosa lake bila kudanganya, amekuja kabla siku hazijaisha, na ana hati ambayo mahakama haikuiona. Kuvunja chumba cha mtu ni jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Kwa hiyo hukumu imetenguliwa, ubomoaji usimame, na mpima ardhi aende akapime mpaka mbele ya pande zote mbili. Gharama za jirani kwa siku zilizopotea tuzilipe sisi. Mjomba alizilipa mwenyewe, na siku hiyo hakutaja kifungu chochote.

Mpima ardhi alikuja Jumatatu na kifaa chake cha miguu mitatu. Alichimba pembeni ya mtaro mpaka akalipata jiwe la mpaka, limefunikwa na udongo wa miaka. Alipima, akaandika, akapima tena. Mtaa mzima ulijaa kutazama. Chumba cha baba, chote, kilikuwa ndani ya kiwanja chetu. Lakini baraza ya pembeni pamoja na ngazi zake tatu zilikuwa ndani ya njia ya Mzee Saruji, hatua mbili kamili. Hakimu aliamua hivyo hivyo: chumba kibaki, baraza iondoke, njia iachwe wazi.

Mama hakungoja tarehe. Jumamosi asubuhi alivaa kanga ya kazi, akachukua nyundo kubwa ya mjomba, akapiga ngazi ya kwanza mwenyewe. Mzee Saruji alitoka dukani kwake kutazama.

"Ungeniambia ni ngazi tu zinazokuzuia," mama alimwambia huku akihema.

"Nilikuja kukwambia, ukanikimbia," Mzee Saruji alijibu. "Mimi nilikuwa nataka njia, mama. Chumba nilikidai kwa sababu sikuona hati, na hakuna aliyekuja kuniambia kinaishia wapi."

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, amekunja uso. "Sasa hebu nielezeni. Hapa sisi tumeshinda au tumeshindwa?"

Mama aliiweka nyundo chini. Uso wake ulijaa vumbi, na nilijua kutokana na alivyoshika kiuno kwamba amechoka na maswali ya kaka yake tangu wazaliwe.

"Tumesikilizwa," alisema. "Chumba ni haki yetu, tumepewa. Njia ni haki ya huyu mzee, naye amepewa. Nilidhani mahakama ni mahali pa kwenda kuadhibiwa, kumbe ni mahali pa kwenda kusema. Mwanangu, na wewe kaka, mkae mkijua: haki yako haikufuati ndani ulikojificha. Ukiitwa, nenda. Usipojua, muulize anayejua, si anayepiga kelele. Miezi mitatu, kaka, miezi mitatu mizima tulimfungia mlango mtu aliyekuja kutuita tukasikilizwe!"

Mjomba alichukua koleo na kuanza kuzoa vifusi.